Kijiti cha Mpeasi wa Bondeni

Yusta hakuuza shamba, na neno hilo alilishika kama ngao. Watu wa Lukozi wakimwuliza habari za bondeni, alijibu, "Nimeweka rehani tu." Benki ilitaka hati, na shamba la baba mkwe wake halikuwa na hati, lilikuwa na masale tu, mimea ya kuonyesha mpaka. Kwenye kikoba, chama chao cha kuweka na kukopa, zamu yake ilikuwa bado mbali. Nao msimu wa viazi haumsubiri mjane. Akaenda kwa jirani yake Jafari, mkulima wa hoho. Jafari akatoa fedha ya mbegu za viazi vya shamba la juu, akalishika bonde alilime mpaka fedha yake irudi.

Desturi ya huku ni kwamba mwenye kushika rehani hulima mazao ya msimu, miti haigusi bila ruhusa. Na ukingoni mwa bonde ilisimama mipeasi ya Mzee Fanueli, baba mkwe mwenyewe, ambaye Yusta alimwita tate. Ujanani alikuwa ameokota miche ya peasi mwitu, ile yenye miiba, akaikata na kuibebesha vijiti vya peasi tamu vishikane na shina, akaifunga kwa mikono yake.

Jafari akaja kwa adabu, kofia mkononi.

"Mama Benja, ile mipeasi inanifunika. Jua linaingia saa sita."

"Ni ya mzee."

"Mzee hashuki tena. Na hoho mwaka huu Dar wanazigombea. Nikivuna, mbolea yako ya viazi naongeza mimi."

Yusta akautazama mfuko wake wa mbolea uliosinyaa pembeni ya mlango. "Haya, kata," akasema, polepole, kama vile upole ungepunguza kitu.

Mzee Fanueli magoti yalikuwa yamemkatalia. Siku zote alikaa barazani. Msimu wa peasi ulipofika akaziulizia, Yusta akamnunulia sokoni. Mzee akala, akafuta kidevu.

"Mwaka huu zina maji."

"Mvua ilizidi, tate," Yusta akajibu, akaingia ndani upesi.

Akadhani yameisha. Lakini baridi ya Julai ilipoingia mzee akamwita. Alikuwa amekwisha kunoa kisu na kuchana mfuko wa nailoni vipande vyembamba vya kufungia.

"Nikatie kijiti cha ule mkubwa, mwanangu. Nimbebeshee mjukuu wangu Benjamini mti wake kabla sijaondoka. Mpeasi hauendi kukopa mbolea kila mwaka."

Peasi zinauzwa sokoni. Kijiti cha mti ule hakiuzwi popote.

Yusta akashuka. Hoho za Jafari zilikuwa zimeivia shambani, nyekundu, zimenyauka.

"Kila mtu kalima hoho," Jafari akasema bila kuulizwa. "Nikipakia, nalipia gari tu. Viazi vyako vikitoka nirudishie changu, Mama Benja, hata kwa mafungu. Bonde lako chukua."

Pale ukingoni visiki vilikuwa vimechipua. Machipukizi yalikuwa na miiba. Yusta alijua maana yake, kwamba ni mwitu uliorudi, ila akakata moja, na njia nzima ya kupanda akawa anakwangua miiba kwa kisu.

Mzee akakipokea kijiti. Akakipitishia kidole gumba toka chini hadi juu, akarudia.

"Hiki kimetoka kwenye shina mwitu," akasema. "Nawe umekinyoa."

Yusta akapiga magoti. "Ni mimi niliyesema ikatwe, tate."

"Yote?"

"Yote."

Mbuzi akalia nyuma ya nyumba.

"Na zile nilizokula?"

"Za sokoni."

"Nilisema zina maji." Akavikunja vile vipande vya nailoni kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa koti. Kijiti akamrudishia. "Kachomeke kwenye uzio. Benjamini usimwambie kitu, sikuwa nimemwahidi."

Viazi vilipotoka, wanunuzi wakataka lumbesa, gunia limefurika hadi juu kwa bei ya gunia. Fedha ikatosha kumrudishia Jafari, ikaishia hapo. Bonde likarudi. Siku hizi lina jua tangu asubuhi. Yusta hulima ameupa ukingo mgongo, na jua likikaza hutafuta penye kivuli pa kuweka kikapu cha chakula, asipaone.