Nyumba ya Mawe ya Kalondu

Ndululu, jirani yangu wa Migwani, alikuwa fundi wa kupanga mawe bila udongo. Kuta zake zilishikilia mashamba yetu ya mlimani, hata mvua ipige namna gani.

Mwaka wa 1936 tulipeleka mbuzi kwa Bishar, Msomali aliyewahi kuwafanyia kazi Wataliano kule Kismayu. Ukutani mwa duka lake palikuwa na picha ya mnara mnene wa mviringo, wa mawe matupu, mkubwa kuliko jengo lolote tulilopata kuona.

"Ngome ya mfalme?" Ndululu akauliza.

"Kaburi," Bishar akasema. "La mwanamke wa Roma, wa zamani sana. Miaka karibu elfu mbili."

"Mwanamke mmoja?"

"Mmoja tu. Maandishi yanamtaja baba yake na mumewe, basi."

"Na watoto wake?"

"Hawakutajwa."

Ndululu akaigusa picha taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Nilijua anamwaza nani. Mkewe Kalondu hakuwa amezaa, na alikuwa akikohoa tangu mavuno. Kwetu siku zile walizikwa wazee na wake zao wakubwa tu. Wengine walipelekwa kichakani, fisi wakamaliza.

Kalondu alifariki kabla ya mvua. Ndululu akamchimbia kaburi kwa mikono yake, akaanza kuzungushia mawe juu. Kaka yake Muthama akaja na fimbo.

"Unamjengea ghala? Atavuna nini huko?"

"Atalala, kaka."

"Umegusa maiti. Nani atakutakasa?"

"Wazee wakikataa, nitakaa na unajisi wangu."

Muthama akacheka, lakini hakuondoka. Siku tatu mawe yalipanda, kila moja likikaa juu ya jingine kana kwamba yalizaliwa pamoja, hadi yakafika kifuani mwa mtu. Ndululu alilala pale pale kando ya moto. Sisi tuliokuja kumcheka tulijikuta tunanong'ona.

Usiku wa nne alirudi kwake. Asubuhi tukakuta nyayo za fisi. Walikuwa wamezunguka ukuta mara nyingi, wakaparura chini, kisha wakaelekea mtoni. Hakuna jiwe lililosogea.

Muthama aliuegemeza mgongo ukutani, akasukuma kwa nguvu zote. Ukuta haukutikisika.

"Yumo?" akauliza.

"Yumo."

"Basi kwa wazee nitakwenda mimi. Nitawaambia tumezika mke wa nyumba yetu."