Gongo ya Ivone Kwenye Pikipiki

Mume wa Ivone alipohamia kwa mwanamke mwingine, alimwachia pikipiki kuukuu na pipa la kupikia gongo ya mabibo ya mikorosho. Ivone hakutaka tena kuwanywesha walevi wa kijiji chao cha Quionga, maana mumewe aliharibikia miongoni mwao. Petroli ilipokosekana hadi mjini Palma, akampelekea fundi Hamido chupa ya gongo aijaribu kwenye pikipiki, ili yeye apate kupeleka mihogo yake mpakani Namoto.

Injini ikakohoa, ikazimika.

"Dada, umetia maji humu?"

"Kidogo tu. Sisi wapikaji wote ndivyo tunavyofanya."

"Mlevi utamdanganya. Injini haidanganyiki."

"Basi ina akili kuliko mume wangu."

Hamido akacheka. Akapanua tundu la kabureta, kwa kuwa gongo sharti iingie nyingi kuliko petroli. Ivone akaipika upya mara mbili, mpaka tone aliloliwasha kwenye kijiko likaungua lote bila kuacha unyevu.

Kesho yake pikipiki ikanguruma. Hamido, aliyetaka kuisikiliza injini njiani, akakaa mbele.

"Sogea nyuma, fundi," Ivone akasema. "Naendesha mwenyewe."