Hasira za Babu Kalonda

Sisi tuliokulia Kasongo kabla simu hazijaanza kulea watoto, tulizaliwa tukiwa na tabia tayari. Hukuwa hata na jino, lakini ulishakuwa mvivu, mchoyo au mwimbaji mzuri, kufuatana na marehemu uliyepewa jina lake. Mimi nilipewa la Feza, dada ya bibi yetu, aliyemuuliza katekista mbele ya kanisa zima Kaini alimtoa wapi mke. Basi kila nilipouliza swali nyumbani, shangazi aliwaonya wengine: "Musimujibu. Ukijibu moja, ataleta ingine." Nilikua bila majibu, kwa hiyo nikauliza zaidi, na shangazi akapata ushahidi zaidi. Nimesoma saikolojia chuo kikuu, sijakutana na nadharia iliyojifunga vizuri kama hiyo.

Kaka yangu alipata bahati mbaya kuliko mimi. Alipewa jina la babu Kalonda, ambaye, tuliambiwa, alimvunjia shemeji yake kiti mgongoni katika karamu ya arusi, akigombea paja la mbuzi, kisha akahamia Kabambare na hasira zake. Kaka alipolia akiwa mchanga, walisema babu ameamka. Alipoanza kula mezani na kukunja uso kwa sababu sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, ilikuwa na pilipili, nyama ilihamia upande wake haraka, babu asije akavunja kitu. Hata mbwa angejifunza. Mimi nilitafuna shingo ya kuku na kuuliza kwa nini.

Nakumbuka vumbi jekundu la uwanja wa shule, harufu ya mawese mapya, wasichana tukicheza nzango, tukirushiana miguu na kupiga makofi mpaka viatu vinapasuka, na wavulana wakifukuza mpira wa maganda ya migomba. Kaka alipoingia mchezoni walimwachia mpira. Mtoto mmoja alipong'oka jino, mwalimu alimwita kaka, ingawa siku hiyo alikuwa nyumbani akitetemeka kwa malaria. Wiki iliyofuata alimpiga kweli yule mtoto. Nadhani alichoka kudaiwa kosa ambalo hajawahi kulionja. Shangazi alitikisa kichwa kwa fahari: damu haipotei njia.

Jioni ile tulikaa nyuma ya nyumba tukimenya karanga. Kaka aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Feza, na mimi nikiacha kukasirika, babu atakaa wapi?"

Nilimsogezea karanga zangu zote nilizokwisha kumenya.

Mwaka huu kaka amepata mtoto wa kiume. Shangazi, ambaye umri umemwongezea sauti tu, alitangaza kwamba jina ni Kalonda, hakuna mjadala. Kaka akakataa. Aliniambia kando kwamba hataki mwanawe aogopwe na watu ambao hajawagusa. Lakini kwetu jina halikataliwi wala halirudishwi mpaka uende kuongea na watu wa nyumba alimofia mwenye jina. Basi tulipanda pikipiki hadi Kabambare, njia ile inayokuvuruga matumbo na imani, tukamtafuta mjane wa babu, mke aliyemwoa huko uzeeni. Tulimkuta anaanika mihogo. Kaka alimweleza kwa heshima kwamba amekuja kuomba lile jina lenye hasira lipumzike.

Mama yule aliacha mihogo.

"Hasira gani? Bwana yangu alikuwa anatwanga sombe mwenyewe, mimi nimekaa. Vijana walimucheka, na yeye anacheka nao."

Kaka akauliza habari za kiti. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji alikuwa mnene, alikalia kiti kibovu, kikavunjika. Karamu nzima ilinyamaza kwa adabu. Babu peke yake ndiye aliyecheka. Shemeji, kwa aibu, akaenda kusimulia kwamba amepigwa. Na babu hakuhama kwa hasira. Alimfuata mwanamke, na mwanamke mwenyewe alikuwa ndiye huyu.

Tuliporudi, tulimsimulia shangazi yote mbele ya chungu cha nyama. Nilimwuliza, kwa raha kubwa, basi zile hasira za kaka zilitoka kwa nani. Akaanza kusema "Feza mtupu", akaishia kukoroga nyama iliyokwisha kuiva. Kaka alimchukua mwanawe mapajani.

"Mumuite Kalonda," akasema. "Lakini nyama, mumupe akicheka."

Siku hizi vijana wenzangu huokota majina ya watoto kwenye simu, majina matamu ya watu wa kwenye filamu, ambayo bibi zao hawawezi kuyatamka. Nawacheka, halafu nawaonea wivu: mtoto anafika duniani bila deni la mtu. Kisha tena namhurumia, maana hakuna aliyemngoja. Sisi tulisingiziwa, ni kweli, lakini kila aliyetupakata alitutazama usoni kwa muda mrefu akimtafuta mtu aliyempenda. Siamini mambo ya damu. Hata hivyo, Kalonda mdogo akilala, hujikuta nikiikagua pua yake.

Jana alicheka kwa sauti. Hana jino hata moja, lakini shangazi alikimbilia chungu.