Namba Ndogo Haiguswi

Saa moja asubuhi maji ya kidimbwi bado ni baridi, na Wivine Mukuna ameshaingia hadi magotini. Anazungusha chekeche taratibu. Tope linaondoka, mawe yanabaki, kijani kama majani ya mihogo baada ya mvua.

Hapa, nje kidogo ya Kolwezi, wanawake kumi na wawili huosha mawe ya shaba wanayoletewa na wachimbaji. Siku nzuri humpa Wivine faranga elfu nane. Wenzake huosha na kujaza mifuko. Yeye huosha, kisha hupanga.

Anaweka jiwe la kijani ukingoni. Kando yake, kokoto mbili nyeupe zinazogusana. Anazitazama kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

“Professeur, jiwe limekujibu?” anamtania Mignonne, anayeosha karibu naye.

“Bado. Iko inafikiri.”

Jiwe la kijani limesimama badala ya shaba, kokoto nyeupe badala ya oksijeni. Jumamosi hii Wivine ana mtihani wa kemia, na bila kuupita hataandikishwa kwenye mtihani wa taifa wa darasa la nane. Mwaka jana alianguka. Akianguka tena, nafasi yake atapewa mwingine.

Ana miaka thelathini na mmoja. Baba yake alipofariki kule Musumba, yeye alikuwa na kumi na mitatu, miezi miwili tu ndani ya darasa la saba, na shule ikaishia hapo. Daftari lake la mwisho, anasema, lilibaki na kurasa nyingi nyeupe, na mara nyingine huziota.

Sasa, kila saa tisa alasiri, hunawa tope na kwenda kwa miguu hadi ukumbi wa parokia moja ya mtaa wa Manika, ambako Mwalimu Kisimba hufundisha watu wazima. Somo lake huanza kwa sentensi ileile: kilichoingia motoni lazima kitoke chote, hata kama kimebadili sura. Shaba ikichomwa hushika oksijeni na kuwa nyeusi. Upande wa kushoto na wa kulia lazima ziwe sawa.

“Na oksijeni haitembeake peke yake,” huwaambia, akiifananisha na watawa wa kike. “Inatembeaka mbili-mbili, sawa bamasœur ku soko.”

Ubaoni aliandika: Cu + O₂ → CuO. Kushoto oksijeni mbili, kulia moja. Wivine alisimama, akachukua chaki, akaongeza 2 ndogo mwishoni: CuO₂. Mbili kwa mbili. Akarudi kukaa ameridhika.

Mwalimu aliigusa ile CuO₂ kwa kidole. “Mama Wivine, hili jiwe lako, mu Lualaba yote hatujaliona.”

Darasa lilicheka, naye alicheka pia, lakini moyoni hakuona kosa lake. Kidimbwini namba ndogo ni kitu cha kusogezwa. Mnunuzi hupima jiwe kwa mashine na kuandika teneur, yaani kiasi cha shaba kilichomo. Mfuko uleule, asubuhi ni asilimia sita. Ukirudi mchana, ni tatu, na bei imeshuka nayo. Amekua akiona hivyo.

Mwalimu alimweleza kwamba 2 ile ndogo ni ya jiwe lenyewe. Ukiibadilisha, umeleta jiwe lingine. Kinachoruhusiwa ni kuongeza idadi, kwa namba kubwa ya mbele.

Wivine alirudi ubaoni. Kisha akasema polepole, “Kumbe ile kadogo njo teneur. Ile kubwa njo hesabu ya mifuko.”

Alifuta 2 yake, akaandika: 2Cu + O₂ → 2CuO. Tangu siku hiyo, darasa zima husema “mifuko” na “teneur”, na mwalimu naye.

Jumamosi swali lilikuwa la kutu: Fe + O₂ → Fe₂O₃. Wivine alifumba macho, akaviona kidimbwi na kokoto zake. Oksijeni tatu hazigawanyiki mbili-mbili. Mtawa mmoja angebaki peke yake njiani. Basi mifuko miwili ya kutu: oksijeni sita, watawa wawili-wawili mara tatu. Chuma, nne. Aliandika 4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃, akahesabu kila upande kwa vidole, hakugusa namba ndogo hata moja.

Amepita. Jina lake limo kwenye orodha ya mtihani wa taifa.

Jumatatu yuko tena majini. Akipata cheti, anataka kujifunza kazi ya maabara, ili siku moja ashike mashine ya kupimia mawe. Anaokota jiwe la kijani, analifuta kwa kidole gumba.

“Siku mi nitashika ile mashine,” anasema, “sita itabakia sita.”

Mignonne hamtanii. Anamsogezea mfuko wake mwenyewe, kana kwamba mashine tayari imo mkononi mwa Wivine.