Miti Niliyoipa Namba

Nilipomwambia mama kwamba nimekubaliwa kusomea udaktari, alifurahi siku nzima. Aliwatangazia majirani wote wa mtaa wetu wa Mpumudde, pale Jinja, na kabla jua halijatua mzee mmoja wa nyumba ya tatu akaja na mguu wake uliovimba, akaunyosha mbele yangu kwenye mkeka. Ikanibidi nieleze kwamba udaktari wangu si wa watu. Ni wa udongo, maji na miti. Mzee akaurudisha mguu wake taratibu, kwa heshima, asinitie aibu. Mama hakuwa na heshima hiyo. "Sasa mti," aliniuliza mbele ya mgeni, "unaumwa wapi?"

Nilichukia. Wakati ule nilikuwa mwepesi wa kuchukia, hasa nikiulizwa swali nisilokuwa na jibu lake.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Juu ya mji wa Mbale, mlimani, kuna vijito vingi, na mvua kubwa ikinyesha udongo wa mashamba huteremka navyo. Mimi nilitaka kuonyesha namna miti ya kandokando ya kijito inavyoushika udongo ule. Ilitakiwa niipime miti ileile mara mbili, kabla ya mvua na baada ya mvua, unene wa shina na umbali wake kutoka ukingoni. Ili nisije nikauchanganya mti huu na ule, kila mmoja ningeuandika namba kwa rangi nyeupe, kwenye kimo cha kifua. Ndivyo wafanyavyo wataalamu wa miti duniani kote, na mimi nilikuwa na haraka ya kufanana nao.

Rangi haikupatikana madukani, kama vile sukari, sabuni na chumvi zilivyokuwa hazipatikani. Binamu yangu mmoja mwanajeshi, aliyekaa kambini Kimaka, akanipa kopo lililobaki nusu. Akaniongezea na koti la mvua la kijani, kwa sababu mlimani kuna baridi na alinipenda. Nikanunua mabuti ya mpira, nikajitafutia ubao wa kubania karatasi, nikajitazama kwenye kioo cha mama. Niliona mtafiti aliyekamilika. Wengine wote waliniona nimepungukiwa bunduki tu, lakini hilo sikulijua.

Na lugha. Sisi ni watu wa ukoo wa wale askari waliotoka Sudan zamani, na Kiswahili, ambacho kwetu ni lugha ya jeshi, tumekikuta midomoni mwa wazee wetu. Kwenye vizuizi vya barabarani kati ya Jinja na Mbale, abiria wenzangu walishushwa na kupekuliwa mpaka ndani ya soksi. Mimi nilisalimia, nikaitikiwa, nikaambiwa, "Pita, dada." Niliamini ni kwa sababu ya malezi yangu mema.

Miti niliyoichagua ilikuwa ya mama mmoja mjane, mtu wa makamo, aliyeishi peke yake karibu na kijito. Ilikuwa mikalitusi iliyonyooka na mivule michache, yote kaipanda yeye na marehemu mumewe. Nilimkuta anaanika kahawa. Nilisimama mbele yake na koti langu nikamhutubia juu ya mmomonyoko wa udongo kwa muda ambao ungetosha kupika maharage. Yeye alisimama wima muda wote, mikono imenyooka ubavuni.

"Naomba niiandike miti yako namba," nikamaliza.

"Ndiyo, afande."

"Usiniite afande, mama. Mimi ni mwanafunzi."

"Ndiyo, afande."

Nikaandika daftarini kwamba mwenyeji amekubali kwa hiari na moyo mkunjufu. Hata kopo la rangi alinishikia mwenyewe, kutoka mti wa kwanza hadi wa arobaini, na tone lilipomwagika nilimwambia aangalie, rangi ni adimu. Wakati wa kuagana nikamwambia nitarudi mvua zikiisha, na ningependa niikute yote. Nilisema hivyo kwa upole kabisa.

Huko Mbale nilipanga chumba Malukhu, kwa mama mmoja Mkenya aliyefanya biashara ya nyuzi na vitambaa kutoka ng'ambo ya mpaka. Jioni ile nilimsimulia kazi yangu ilivyokwenda vizuri.

"Umeandika namba kwenye miti ya watu," alisema, "na huyo mama hakuuliza kitu?"

"Hakuuliza hata swali moja."

Akalitazama koti langu lililoning'inia msumarini. "Angeuliza nini?" akasema, akaendelea kukoroga chai. Nilimhurumia kwa kukosa elimu ya sayansi.

Chuoni, Kampala, alikuwa amebaki profesa mmoja tu mwenye uwezo wa kuniidhinishia tasnifu. Wenzake walikuwa wameondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga, na kila nilipoingia ofisini mwake rafu zilikuwa na vitabu vichache kuliko mara iliyopita. Siku moja aliniambia bila kuniangalia, "Niletee kipimo cha pili kabla mwezi wa sita haujaisha. Baada ya hapo usiulize niko wapi." Bila sahihi yake, miaka yangu minne ya kusoma ingefaa kufungia karanga tu.

Kwa hiyo mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimepungua na kubaki manyunyu, nilipanda tena mlimani. Nilikuwa na tepu yangu, ubao wangu, daftari langu na, kwa sababu ya manyunyu, koti langu.

Kijito nilikisikia kabla sijakiona, kinanguruma, maji mekundu. Kisha nikaviona visiki. Miti ya upande wa pili, isiyokuwa na namba, ilisimama kama nilivyoiacha. Michanga ambayo niliiona haifai kupimwa ilisimama pia. Iliyokatwa ilikuwa yangu tu, yote, kimo cha goti, na pale ilipokuwa imesimama, ukingo ulikuwa umemeguka vipande vikubwa vikaenda na maji. Mtu mwingine yeyote asingehitaji kuuliza ni nani aliyesababisha.

Nitasema ukweli. Nilichohisi kwanza hakikuwa huruma, kilikuwa hasira. Nilisema kwa sauti, "Wamenikatia shahada yangu!" Na hasira hiyo nayo haikukaa, maana baada ya kitambo kidogo nikaanza kuona faida. Sasa nilikuwa na ukingo wenye miti na ukingo usio na miti, kijito kimoja, mvua moja, na ubaoni ukurasa mmoja niliouchana daftarini, wenye vipimo vyote vya kabla. Wenzangu wa nchi zenye amani wangetafuta bahati kama hii miaka kumi wasiipate. Nikatoa tepu, nikapiga magoti kwenye matope, nikaanza kupima visiki huku napiga mluzi.

Nilikuwa kwenye kisiki cha tano au cha sita mluzi uliponikauka. Nilikumbuka Jinja mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Nilitembea barabara kuu kila siku kwenda maktaba, nikaona milango ya maduka yao imeandikwa namba kwa chaki nyeupe. Duka likishapata namba, wiki haikupita bila kupata mwenyewe mpya. Kila muuza nyanya wa Jinja alijua maana ya namba nyeupe kwenye mali ya mtu. Mimi, mwenye shahada mbili, nilihitaji visiki arobaini.

Mwenye shamba alikuwa ameshaniona. Alitoka mbio, akasimama mbali kidogo, mikono ubavuni kama siku ile.

"Afande, karibu jikoni. Yote iko."

Nilimfuata bila kuelewa. Jikoni, ukutani mbali na moto, palikuwa na vipande vya mbao vimepangwa safu kwa safu. Alikuwa amezichonga namba zangu kutoka kwenye kila mti, kipande kimoja kwa kila namba, akazifuta masizi, akazipanga kwa mfuatano, nyuso zote zinatazama mlangoni. Yule mama hakujua kusoma. Sijui alitumia siku ngapi kuhakikisha hajakosea mpangilio.

"Mimi nakata kwanza kwa sababu kesho wengine nakuja kata, nakwenda nayo," alisema. "Mti ilikuwa yangu. Namba ni ya serikali. Namba mimi hapana gusa. Hesabu, afande."

"Mama, mimi si serikali."

"Ndiyo, afande. Hesabu."

Nililivua lile koti nikalitupa nje kwenye mvua. Hilo halikubadilisha chochote, kwa kuwa bado nilikuwa na ubao. Nikamwomba akae, akakataa. Hangekaa mpaka nihesabu. Basi nikahesabu, kwa sauti, kidole changu kinatoka kwenye kipande kwenda kwenye ukurasa, naye anafuata midomo yangu kama mtu anayesikiliza hukumu. Nilifika thelathini na sita. Kipande kilichofuata kilikuwa thelathini na nane.

Ningeweza kuendelea kama kawaida. Lakini nilitazama ukurasa, tabia ya kisomi hiyo, nikatazama tena ukutani. Alielewa hapohapo. Akapiga magoti.

"Hiyo ilikwenda na maji, afande, ile siku ukingo ilianguka. Mimi hapana iba. Hapa hakuna mtu mwingine, nilikata mimi peke yangu. Chukua mbuzi."

Nilitaka kumweleza kila kitu, kuanzia mguu wa mzee wa Mpumudde mpaka rafu tupu za profesa. Lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili ilikuwa moja tu, na kwa lugha hiyo nilikwisha kumwambia mara mbili mimi si afande. Nililia, lakini machozi ya afande yalimtisha zaidi. Ndipo nikafanya alichoweza kuamini. Niliiga sauti ya kizuizini.

"Simama! Thelathini na saba haikuwepo. Nilikosea mimi kuandika." Nikaifuta mbele ya macho yake, kalamu ikakata karatasi.

Alisimama. Hakuondoka mlangoni. "Na wengine wakikuja," aliuliza polepole, "mimi naonyesha nini?"

Karatasi nyingine zote za daftari zilikuwa zimelowa kwenye mkoba. Iliyokuwa kavu ilikuwa ile moja ubaoni, yenye vipimo vya kwanza, na nakala yake sikuwa nayo popote. Nadhani nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyonipasa kukiri. Kisha nikaandika chini yake kwa herufi kubwa: MITI YOTE IMEHESABIWA, IMEKAMILIKA, ASISUMBULIWE. Nikatia sahihi ndefu yenye mikia. Bado ilionekana nyonge, haina muhuri, haina cheo. Basi mbele ya jina langu nikaandika: Daktari.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya gauni. Ndipo alipokaa chini.