Wilaya ya Nyumbani

Juzi nilipanga foleni ya usajili katika chuo kimoja cha umma mjini Mbarara. Mbele yangu alikuwa mama Mrundi kutoka Misiera, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, aliyetaka kusomea ushonaji. Karani akamuuliza wilaya yake ya nyumbani.

"Isingiro."

"Hapana, nyabo. Hapo unakaa tu. Hii chuo ni ya watu ya hapa."

"Niko pale miaka makumi mbili sasa. Watoto wote nimewazalia pale."

Karani akaweka kalamu chini. Kwenye benchi aliketi mke wa askari, aliyekwisha kuandikishwa, akingojea muhuri. Akainua fomu yake juu.

"Mimi natoka Gulu. Nimefika hapa kambi ya jeshi mwezi iliyopita, na wewe mwenyewe umeniandika Mbarara. Hukuniuliza kitu."

Karani aliitazama ile fomu, akaokota kalamu, akaandika Isingiro polepole, herufi moja moja.

"Masomo inaanza siku gani?" mama akauliza.

"Jumatatu."

Tangu hapo najiuliza mtu akae mahali muda gani ndipo paitwe kwao. Mke wa askari, mwezi mmoja ulimtosha. Yule mama, miaka yake ishirini ilihitaji shahidi.