Pipa Lisilokatiza Mazungumzo

Mtaani walimwita Mama Vyuma, na jina lilimkaa kama kofia. Alikuwa mchoraji wa mitambo katika karakana iliyo nyuma ya soko, mwanamke mfupi mwenye penseli nyweleni na masizi viwikoni. Akiona kitu kinazunguka, hata feni ya kinyozi, lazima asimame akitazame.

Mama mkwe wake alikuwa amemenya mihogo ya kinu cha unga tangu ujana wake. Alikaa uani akimenya na binti yake, wifi wa Mama Vyuma, pamoja na jirani mmoja mjane. Siku moja bibi huyo alishindwa kufunga kifungo cha gauni. Kidole gumba kilikuwa kimekakamaa kama ndoano. Mama Vyuma akamfungia, akaenda karakanani akatandaza karatasi.

Alianza na mashine ya visu. Lakini mihogo haifanani: mmoja umepinda, mwingine mnene kama paja la mtoto. Visu vikala nyama, vikaacha ganda. Mumewe aliokota kipande kilichotoka, akakigeuzageuza.

"Mke wangu, huu ni muhogo au kijiti cha meno?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nashangaa tu kwamba mashine imekuwa mke mkubwa, na mimi mke mdogo."

Jibu lilitoka kwa bibi mwenyewe. Alikuwa akiosha mihogo kwenye beseni, akiikoroga kwa mti, na Mama Vyuma akaona maganda yakichubuka pale mihogo ilipogongana. Kumbe ikisuguana inamenyana yenyewe! Akachukua pipa, akalitoboa kwa msumari kutoka nje ili ndani liparuze, akapitisha katikati bomba lenye matundu la kunyunyiza maji, akafunga mota ya kulizungusha kwa mnyororo. Mihogo iliingia na udongo wake, ikatoka myeupe kama meno. Jirani alipiga vigelegele mpaka akakohoa.

Asubuhi iliyofuata Mama Vyuma alimkuta mkwewe ameshika kisu, pipa limefunikwa gunia.

"Mama, mashine imekukosea nini?"

"Haijanikosea, mwanangu. Inamenya kunishinda. Ila kelele zake! Jana wifi yako alikuwa akitueleza habari ya posa yake. Nikasikia 'amekuja', nikasikia 'hapana', katikati ni ngurumo tupu. Mpaka sasa sijui kama nimepata mkwe au nimemkosa."

Wifi aliinamia beseni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mama Vyuma alitaka kununa, akashindwa. Aliketi akashika kisu, akamenya nao mpaka mchana, masikio wazi. Walizungumza habari za magonjwa, za watoto, za jirani mwingine anayejifanya hasikii anapoitwa. Mjane alilia kidogo, wakamwacha alie, mikono yao ikiendelea na kazi. Hapo akaelewa kwamba alikuwa amepima mihogo, maji na mwendo wa mota, ila mazungumzo ya ua huo hakuwa ameyapima.

Alirudi kuchora. Mnyororo akautoa, akaweka mkanda. Ndani akatandika vipande vya mbao vyenye brashi ngumu, na miguu ya mashine akaivalisha mpira wa matairi. Brashi za kwanza zilinyonyoka zote, akatukana peke yake karakanani, akafunga nyingine. Safari hii pipa lilivuma taratibu, kama mtu anayeimba huku midomo imefungwa.

Bibi alilizoea, kisha akalitawala. Wengine walikata ncha na mabaki ya maganda. Yeye alikaa kando ya swichi, vidole vikipumzika mapajani. Ole wake aliyejaza kupita kiasi!

"Punguza! Hata wewe ukishindiliwa hivyo utapumua?"

Kutoka jikoni, Mama Vyuma alimsikia akifoka, kisha akasikia sauti zote tatu zikicheka pamoja, kila moja wazi. Akaegemea mlango, akasahau chai yake mpaka ikapoa.